Thamani ya Kura Moja

Mazungumzo kwa wenyeji wa Kikoneni, Kwale



Wako watu wasemao, "Kura yangu ni moja tu, nikiiacha, kitapungua nini?" Jibu la swali hilo haliko mbali na Kikoneni. Liko ng'ambo ya bahari, katika kisiwa cha Pemba, mkabala wa Shimoni na Vanga.

Tangu mwaka 1890 Unguja na Pemba zilikuwa nchi ya Sultani iliyo chini ya hifadhi ya Waingereza. Ukanda wa pwani ya Kenya nao ulihesabiwa kuwa milki yake hata mwaka 1963. Mwezi wa Januari 1961 watu wa visiwani walipiga kura kuwachagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Chama cha Afro-Shirazi kilipata viti 10, Hizbu viti 9, na chama cha Bwana Muhammad Shamte viti 3.

Katika viti 10 vya Afro-Shirazi, kimoja kilikuwa cha Chake Chake, nacho kilipatikana kwa kura moja tu. Kisha wale wajumbe watatu wa Bwana Shamte wakagawanyika: wawili wakaenda kwa Hizbu, mmoja kwa Afro-Shirazi. Kila upande ukawa na watu 11, na hapana aliyeweza kuunda serikali. Kama kiti cha Chake Chake kingalikwenda upande wa pili, hesabu ingalikuwa 12 kwa 10, na serikali ingalipatikana.

Basi ikawekwa serikali ya muda, likaongezwa jimbo moja, na uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni mwaka uleule. Safari hii Hizbu na Bwana Shamte walipata viti 13 kwa jumla, na Afro-Shirazi 10. Lakini ghasia zilizuka Unguja, na watu 68 walikufa.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, mtu asidharau kura yake: na ahakikishe kuwa jina lake limo katika daftari, aende kituoni, na aweke alama yake vizuri ili karatasi isiharibike. La pili, kura zikiisha kuhesabiwa, mwenye malalamiko na ayapeleke mbele ya sheria, wala asimwinulie jirani yake panga. Kiti kilichopotea hugombewa tena. Uhai uliopotea haurudi.