Kubadilisha Kondensa ya Kiyoyozi cha Gari: Hotuba kwa Wahitimu wa Ufundi wa Magari

Kondensa hukaa mbele ya rejeta, mahali panapopata upepo wa kwanza na kokoto la kwanza. Gesi iliyosukumwa na kompresa huingia humo ikiwa ya moto na yenye shinikizo kubwa, hupozwa, kisha hutoka ikiwa kimiminika. Kokoto, kutu na migongano midogo ndiyo huitoboa. Cheti kinachotolewa katika mahafali haya kinamtambulisha mhitimu kuwa fundi anayeweza kuaminiwa kwa kazi ya kuibadilisha, kazi ambayo sehemu kubwa yake mwenye gari haioni.

Kabla ya spana kugusa bomba, gesi huvutwa kwa mashine hadi mtungini. Kuiachia hewani ni kosa, hata kama gereji jirani hufanya hivyo kila siku. Gesi ya R134a, iliyochukua nafasi ya gesi ya R12 baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987, haiharibu ozoni. Lakini kilo moja yake huipasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Ndiyo maana makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yanataka gesi za jamii hiyo zipunguzwe. Tena R134a huchemka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi chini ya sifuri, hivyo ikirukia jicho hulijeruhi kwa baridi. Miwani na glavu ni lazima.

Bampa hutolewa, mabomba hufunguliwa, na midomo yake huzibwa papo hapo, kwa kuwa oili ya kompresa hufyonza unyevu wa hewa. Kondensa mpya hufungwa pamoja na oringi na kikausha unyevu vipya. Oili iliyobaki ndani ya kondensa kuukuu hufidiwa kwa kipimo cha mtengenezaji. Kwenye gari la haibridi lenye kompresa ya umeme, oili isiyo yake huharibu uwezo wa kuzuia umeme kuvuja, na hapo maisha ya mtu yamo hatarini.

Pampu ya vakyumu huachwa ifanye kazi dakika 30 au zaidi, kisha huzimwa na geji kutazamwa. Mshale ukipanda, kuna tundu au maji. Ukitulia, gesi hujazwa ikipimwa kwa mizani kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti. Kukisia kwa geji pekee hakutoshi. Mwisho injini huwashwa, feni hukaguliwa, na viungo vyote hupitishiwa kifaa cha kunusa uvujaji kabla bampa haijarudishwa.