FIMBO YA MBALI
Juu ya kumwuguza mgonjwa aliye mbali nasi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo inapigwa chapa hapa kwa ombi la Kamati.)



Bwana Katibu aliponiandikia kuniomba niseme neno, alitaja mambo matatu nichague moja: akiba ya fedha, adabu za ofisini, na ugonjwa katika jamaa. Nalichagua la tatu, si kwa kuwa nalijua kuliko ninyi, bali kwa sababu nalilikosea. Hesabu uliyoikosa mbele ya darasa zima huisahau kamwe.

Sisi watumishi tu watu wa kuhamishwa. Leo karani yuko Lindi, kesho barua yampeleka Bukoba, na wazee wake wamebaki kijijini. Jambo hili si geni. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, kikiongozwa na Martin Kayamba, kilikusanya watu wa makabila na dini mbalimbali, maana mtu aliye mbali na kwao hana budi kumfanya mwenzake wa kazini kuwa ndugu. Haja ile waliyokuwa nayo wao, nasi tunayo.

Kwetu mimi ni Kigoma. Reli ilifika huko mwaka 1914, na baadaye vijana wengi wa kwetu walisafiri kwenda kukata mkonge Tanga. Mzazi akiugua nyumbani, habari zilimfikia mwanawe kwa barua au kwa kinywa cha msafiri, na pengine matanga yalikuwa yamekwisha anuliwa. Mtu yule alilia, kisha akarudi kazini, maana hapakuwa na la kufanya. Sisi hatuna udhuru huo. Simu tunayo mkononi, na tangu mwaka 2008 twaweza kutuma fedha kwa simu katika Tanzania, ikafika kabla mtu hajameza mate. Lakini, ndugu zangu, hapo ndipo penye mtego. Sauti imefika, fedha imefika, nasi twadhani ya kuwa tumefika. Hatujafika.

Wazee wetu walisema: Fimbo ya mbali haiui nyoka. Watu wengi hulitumia neno hili kujitoa katika wajibu wao. Mimi nataka kuwaonyesha ya kuwa lina maana nyingine: ikiwa fimbo yako i mbali, jukumu lako ni kumtunza yule mwenye fimbo karibu.

Miaka michache iliyopita nalikuwa karani Lindi, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka kwetu. Mama yangu aliteleza akichota maji, akavunjika mfupa wa paja. Akapelekwa hospitali, akalazwa, mguu ukafungwa vizito vya kuunyosha mfupa, tukaambiwa ya kuwa atalala hivyo kwa muda wa wiki 6 au zaidi. Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati wa kufunga hesabu za mwaka, nami nalijiona ya kuwa bila mimi vitabu havitafungwa. Basi sikuomba ruhusa. Aliyekwenda kukaa na mama ni mdogo wangu wa kike, mwenye watoto watatu na biashara ya dagaa sokoni. Watoto akawaacha kwa jirani, na biashara akaiacha ilivyo.

Ninyi mwajua desturi ya hospitali zetu nyingi. Wagonjwa ni wengi na wauguzi ni wachache. Kupika, kufua, kumwosha mgonjwa, kumwekea chombo cha haja, kwenda kununua dawa isiyokuwapo ghalani, kazi hizi aghalabu hufanywa na jamaa yake. Tena mgonjwa aliyelala siku nyingi mahali pamoja hupata vidonda mgongoni, kiunoni na visiginoni, asipotazamwa na kubadilishwa namna ya kulala mara kwa mara, mchana na usiku. Mdogo wangu alilala juu ya mkeka, na usiku aliamka kila mara.

Sasa nitawaelezeni makosa yangu, nanyi mnisamehe kama mtayaona madogo, maana kwangu si madogo.

Kosa la kwanza lilitangulia ugonjwa wenyewe. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa Serikali. Mshahara wangu ulikatwa kila mwezi kwa ajili yake, na nalikuwa na haki ya kumwandikisha mama yangu miongoni mwa wategemezi wangu. Fomu nalikuwa nayo. Ilikaa katika mtoto wa meza yangu mwaka na zaidi, ikingoja picha yake tu. Mimi niliyewajazia watu fomu zao kila siku, ya mama yangu mwenyewe sikuijaza. Basi kila bandeji na kila kidonge tulinunua kwa fedha taslimu.

Kosa la pili ni wingi wa simu. Nalipiga asubuhi, adhuhuri na jioni. Kaka yetu aliye Mwanza naye alipiga, na mjomba, na shangazi, na wengineo. Kila mmoja alitaka kusimuliwa upya jinsi mama alivyolala. Siku moja mdogo wangu akaniambia kwa upole, “Kaka, mgonjwa ni mmoja, lakini waulizaji ni saba.” Nami nalimkemea, nikadhani ya kuwa hana adabu.

Kosa la tatu ni kuamuru. Rafiki mmoja wa ofisini aliniambia jinsi mjomba wake alivyotibiwa mfupa kwa namna nyingine, nami papo hapo nikampigia mdogo wangu, nikamwambia aende kumweleza daktari afanye hivyo hivyo. Masikini alikwenda, akasimama mbele ya daktari na maneno yasiyo yake, akaulizwa swali moja asiweze kulijibu, akarudi kwa aibu. Mimi nalikuwa kitini Lindi, nikinywa chai.

Kosa la nne ndilo kubwa. Kila nilipotuma fedha nalimwandikia orodha: hizi ni za dawa, hizi ni za maziwa ya mama, hizi ni za sabuni. Kisha nikamdai stakabadhi, kama mkaguzi wa hesabu amdaivyo mtunza fedha.

Wiki ya tano nalipata ruhusa, nikasafiri. (Na vitabu, Bwana Mwenyekiti, vilifungwa vizuri sana bila mimi.) Nalipoingia wodini muuguzi mmoja alinitazama, akasema, “Kumbe wewe ndiwe kaka wa simu.” Mama alikuwa na hali njema kuliko nilivyotazamia, ngozi safi, hana kidonda hata kimoja. Lakini mdogo wangu sikumtambua mara moja. Alikuwa amekonda mno, hata mama mmoja wa kitanda cha pili aliniuliza ni ugonjwa gani alio nao yule dada.

Jioni alinipa daftari la shule. Humo alikuwa ameandika kila shilingi niliyotuma, tarehe, kiasi, na kitu kilichonunuliwa, na stakabadhi zote amezibandika kwa ugali. Nalilisoma kama nilivyozoea kusoma vitabu vya hesabu, nikitafuta penye upungufu. Sikuona upungufu wa hata senti moja. Lakini nalipofika mwisho nikatambua ya kuwa katika kurasa zote hamna mstari mmoja wa chakula chake. Nikamwuliza, “Na wewe ulikuwa ukila nini?” Akajibu, “Kaka, hukuandika.”

Alikuwa akila yaliyobaki katika bakuli la mama. Nauli ya kwenda kuwatazama watoto wake aliipata kwa kuuza doti mbili za khanga. Nami sikuwa na la kusema.

Basi, mabwana, naomba niwape mashauri machache niliyoyapata kwa bei hiyo.

Kwanza, jamaa na wakubaliane juu ya mtu mmoja wa kukaa na mgonjwa, na mtu mwingine mmoja wa kupokea habari na kuwaeleza wengine wote. Saa ya simu iwe moja, ijulikane, nayo ichaguliwe na mwuguzaji, si nasi.

Pili, fedha igawanywe mafungu mawili kabla ya kutumwa. Fungu moja ni la mgonjwa, nalo lina hesabu yake. Fungu la pili ni la mwuguzaji, la chakula chake, sabuni yake, nauli yake, na watoto aliowaacha. Fungu hili lisidaiwe stakabadhi kamwe. Tena litumwe kwa siku inayojulikana, ili asilazimike kuomba. Mtu anayeuguza mzazi wako asifanywe mwombaji.

Tatu, apatikane wa kumpokea. Hakuna mtu awezaye kulala juu ya mkeka wiki 7 bila kuugua mwenyewe. Sisi tulio mbali hatuwezi kushika zamu, lakini twaweza kumlipia nauli ndugu mwingine aende kuishika. Nami naongeza hili kwa wanaume wenzangu: tumezoea kumwachia mwanamke kazi hii, kana kwamba yeye hana kazi nyingine. Dagaa za mdogo wangu zilikuwa kazi, kama vile majalada yangu.

Nne, swali lako kwa daktari liwe swali, lisiwe amri. Liandike kwa maneno machache, mpelekee mwuguzaji kabla ya daktari kupita vitandani, naye akusomee jibu alilopewa. Na kama daktari ameeleza habari mbaya, jamaa wasifichane. Mficha maradhi kilio humfichua, na aliye mbali ahitaji kujua mapema kuliko aliye karibu, maana safari yake ni ndefu.

Tano, zungumza na mgonjwa mwenyewe, tena si juu ya ugonjwa tu. Kwa wiki tano nalimwuliza mama juu ya mguu wake, na kila siku alinijibu ya kuwa hajambo. Nalipokaa kitandani pake alitaka kusikia habari za paa la nyumba, za mbuzi, na za mwanangu aliyeanza shule. Alikuwa amechoka kuwa mguu.

Sita, makaratasi. Hapa ndipo sisi makarani tulipo na fimbo ndefu. Kujua haki zilizomo katika sheria ya bima, kuona ya kuwa jina lililo katika kadi ni lile lile lililo katika cheti, kutunza namba ya jalada la hospitali, kuandika barua ya kuomba ruhusa kwa lugha isiyoweza kukataliwa, mambo haya hufanywa vema hata kutoka mbali. Nawasihi, kesho mkifika ofisini, kila mtu afungue mtoto wa meza yake atazame kama hamna fomu inayongoja picha.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, naomba kutoa shauri rasmi mbele ya mkutano huu. Katika mji huu pana hospitali, na katika vitanda vyake wamo wazazi wa watumishi walio katika mikoa mingine. Wazazi wetu nao wamelala katika miji yenye matawi ya chama hiki. Nashauri tawi letu lifungue daftari moja la wagonjwa wageni. Mwanachama wa tawi lo lote ambaye jamaa yake amelazwa hapa atatuandikia, na wawili kati yetu watakwenda kumtazama mara mbili kila wiki. Watakaa na mgonjwa saa chache ili mwuguzaji aoge, afue, alale usingizi. Hawatampelekea mashauri, watampelekea chakula. Na mgonjwa akihitaji damu wakati wa kupasuliwa, jambo hilo halitumwi kwa simu. Mwanamume mwenye afya aweza kutoa damu kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Wenye kuweza na waandikwe katika daftari hilo hilo. Kisha Katibu awaandikie makatibu wa matawi mengine, nao wawafanyie wa kwetu vivyo hivyo.

Mama yangu alitoka hospitali baada ya wiki 9. Sasa hutembea kwa mkongojo, na huwagombeza mbuzi kama zamani. Mdogo wangu amerudi sokoni, lakini mtaji wake ulikuwa umekwisha, nami ninamlipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Yeye husema ya kuwa si deni. Mimi nimeliandika katika daftari lile lile la shule, katika ukurasa uliofuata, na bado halijakwisha.