Kijana Aliyesema 'Harafu'



Nimeombwa nizungumze juu ya elimu na kazi. Nitamzungumzia mtu ambaye sikupata kumwona kwa macho: William Labov, bingwa wa isimujamii wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki dunia mwaka 2024. Kabla ya kuingia katika utafiti wa lugha alikuwa mkemia wa kutengeneza wino. Wa mkondo wa sayansi msikate tamaa!

Mwaka 1961 alikwenda kisiwa cha Martha's Vineyard, jimbo la Massachusetts. Wenyeji walikuwa kiasi cha 6,000, na kila majira ya joto watalii zaidi ya 40,000 walikimiminikia. Labov aliwahoji wenyeji 69 akisikiliza jambo dogo tu, yaani irabu za maneno kama 'right' na 'house'. Akaona matamshi ya kizamani yanapata nguvu upya, hasa kwa wavuvi wa Chilmark na watu wa miaka 30 hadi 45. Waliokipenda kisiwa chao ndio waliotamka hivyo zaidi. Vijana waliokusudia kuhamia bara walijiepusha nayo. Mama mmoja alimweleza kwamba mwanawe hakusema vile hapo kwanza. Alianza aliporudi kutoka chuoni, pengine akitaka afanane na wavuvi wa gatini.

Nilipoyasoma hayo chuo kikuu nilicheka peke yangu, maana mimi nilifanya kinyume. Nilifika shule hii nikisema 'kurara' na 'harafu'. Bwenini nilichekwa mno (wachekaji wengine wamo humu ukumbini, wamenenepa), hata kufikia Kidato cha Pili nimeyafuta yote. Likizo mama akaniuliza ni nani aliyenifundisha Kiswahili cha redioni.

Mwaka 1979 Labov alitoa ushahidi mahakamani katika kesi ya Ann Arbor, Michigan. Watoto Weusi walikuwa wamehesabiwa wazito wa kujifunza, kumbe walimu hawakuzingatia lugha ya nyumbani kwao. Jaji aliwapa watoto haki, na wakuu wa shule wakaamriwa kuwasaidia walimu kuitambua lugha ile.

Ndugu zangu, yote hayo niliyajua. Hata hivyo, miaka michache iliyopita nilikaa kwenye jopo la usaili wa kazi, akaingia kijana anayesema 'harafu'. Nilisikia aibu, kana kwamba ananianika mimi mbele ya wenzangu. Nikampa alama ndogo. Baada ya wiki mbili nilifungua jalada kwa shughuli nyingine, nikasoma tena karatasi yangu. Majibu yake yote yalikuwa sahihi. Pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika: 'Hajui kujieleza.' Nafasi ilikuwa imekwisha kupewa mwingine.