Rwanda na Adui Asiyepiga Baragumu



Mwezi wa Aprili mwaka 2011, jirani zetu wa Rwanda walikuwa wa kwanza barani Afrika kuanzisha mpango wa nchi nzima wa kuwachanja wasichana dhidi ya kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi. Uganda ilifuata mwaka 2015, sisi Tanzania mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Sasa Rwanda imejiwekea mwaka 2027 kuyafikia malengo ambayo Shirika la Afya Duniani limeyawekea mwaka 2030: katika kila wasichana 100, 90 wawe wamechanjwa, katika kila wanawake 100, 70 wawe wamepimwa, na katika kila wagonjwa 100, 90 wawe wametibiwa.

Chanjo ni ngome ya mabinti. Mama zao yawapasa kupimwa, maana adui huyu huingia bila kupiga baragumu. Katika hatua za mwanzo mara nyingi hana dalili yoyote. Mganga hupaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi. Palipoharibika hugeuka peupe, na mara nyingi huweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa joto.

Dalili zikijitokeza, zisipuuzwe: damu nje ya siku za hedhi, damu baada ya tendo la ndoa, damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi, majimaji yenye harufu mbaya, na maumivu ya nyonga yasiyokwisha. Hiyo si hukumu ya kifo. Uvimbe mwingi wa kizazi, kama ule uitwao fibroidi, si saratani. Lakini kupambanua ni kazi ya daktari, si ya kukisia nyumbani.

Ndugu askari, kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana, na mwanamume huweza kukibeba asijijue. Basi mke akieleza dalili hizi, asishukiwe uasherati wala asinyimwe nauli. Askari wa kike naye asione haya kuomba ruhusa, na kamanda asimcheleweshe. Mwenye virusi vya UKIMWI ahimizwe zaidi, kwani hatari yake ni mara sita.

Askari mwema hangoji risasi ndipo aamini kwamba adui yupo. Husoma nyayo mapema. Tuwalinde mama zetu vivyo hivyo.