Saa Moja Isiyopangiwa Mgonjwa

Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji wengi wa Mombasa bado huiita Makadara, hupokea rufaa kutoka kaunti zote sita za Pwani. Aliyevunjika paja Kwale huvushwa kwa feri ya Likoni, wa Kilifi hupita daraja la Nyali, wa Taita Taveta huingilia Makupa. Hata mkazi wa Kibokoni, jirani wa karibu, ana safari yake: kuna vichochoro vya Mji wa Kale ambavyo ambulensi haiingii, kwa hiyo mgonjwa hubebwa hadi barabarani. Nani atafika leo, na saa ngapi, hakuna ajuaye.

Hata hivyo, listi ya thieta huandikwa tangu jana.

Chukua mzee aliyepangiwa kupasuliwa busha. Amefunga tangu saa sita usiku, gauni keshavaa, mkononi ana sindano ya dripu. Saa nne analetwa mama mjamzito ambaye mtoto amekwama. Saa saba, kijana wa bodaboda mwenye mfupa uliotoboa ngozi. Kufika alasiri muuguzi anamwambia mzee apewe uji, zamu yake ni kesho. Hapo hakuna aliyezembea. Kilichokosewa ni listi, kwa sababu ilijazwa pomoni.

Na listi huvunjika hata siku zisizo na dharura. Upasuaji wa kawaida wa saa moja hauwezi kwisha kwa dakika tano, ila damu ikikataa kukatika unaweza kuvuta hadi saa tatu. Mwaka 2000 Strum na wenzake nchini Marekani walichambua visa zaidi ya 40,000 wakaona umbo hilohilo: visa vingi hukaribiana, vichache hurefuka mno. Anayejumlisha muda uliozoeleka wa kila mgonjwa atachelewa karibu kila siku. Hesabu hushauri kuanza na kazi zinazotabirika, ndefu na zenye mashaka zifuate. Lakini mtoto mchanga na mwenye kisukari hutangulizwa, maana njaa yao haijui hesabu.

Dawa ya listi iliyojazwa pomoni huonekana kama israfu: kuacha nafasi tupu makusudi. Hospitali ya St. John's huko Missouri ilikuwa na vyumba 32 vya upasuaji, vyote vimejaa, na madaktari wakipasua usiku wa manane. Mshauri alipowaambia watenge kimoja kwa dharura tu, walimshangaa. Walipokubali, upasuaji wa baada ya saa tisa alasiri ulipungua kwa asilimia 45, na idadi ya waliohudumiwa ikapanda.

Rotterdam walifika kwingine. Mwaka 2007 Wullink na wenzake waliigiza kwa kompyuta hospitali kubwa ya mji huo na kulinganisha chumba maalumu cha dharura na nafasi ndogo iliyoachwa katika kila chumba. Kwa njia ya kwanza mgonjwa wa dharura alingoja wastani wa dakika 74. Kwa ya pili, dakika 8.

Kwa kisiwa chenye vyumba vichache, mhadhara huu unaegemea Rotterdam. Anayetenga kimoja kati ya 32 hapotezi sana. Anayetenga kimoja kati ya vinne amekata robo ya kazi yake. Saa moja tupu katika kila chumba ni rahisi kubeba, mradi mkuu wa zamu asishawishike kuijaza asubuhi kwa ombi la mtu mzito.

Kuna mashaka ambayo nafasi tupu haiyatibu. Damu ikikosekana benki, chumba kitupu hakimfai mtu. Na madaktari wa umma walipogoma tangu tarehe 5 Desemba 2016 hadi 14 Machi 2017, siku 100, hapakuwa na listi ya kupangwa.

Yanayopangika yaanzie kwenye daftari la thieta: kila mgonjwa aandikiwe saa ya kuingia, ya kukatwa na ya kutoka, pamoja na sababu ya kila aliyeahirishwa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, kisiwani humuhumu, na kina wanafunzi wa takwimu wanaotafuta mada za utafiti.