Chakula Kikikwama, Kimeo Kisikatwe

Siku ya Saratani Duniani huadhimishwa kila Februari 4, na wasikilizaji wa Kyela wameshayasikia matangazo yake: shingo ya kizazi ipimwe, matiti yapimwe, tezi dume ipimwe. Vyema. Lakini koo limepitiwa juu juu, na hapo ndipo redio hii inapoingiwa na hofu.

Ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi, mojawapo ya nchi zenye viwango vya juu kabisa duniani vya saratani ya umio, ile njia ya chakula itokayo kooni hadi tumboni. Watafiti wanautaja ukanda mzima, kuanzia Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania, hadi Afrika Kusini. Kyela imo humo.

Ugonjwa huanza na tonge la ugali kukwama. Mtu hulisukuma kwa maji, akaenda shamba. Baadaye wali nao unakwama, kisha ndizi za kupondwa, kisha uji. Kufikia hapo ameshakonda, na nyumbani wameshajaribu dawa za vidonda vya tumbo, wameshashuku ulozi, na wamefanya lile ambalo redio hii haitachoka kulikemea: wamemkata kimeo. Damu inamwagika, vijidudu vinaingia, na uvimbe ulioko chini, ndani ya kifua, haujaguswa hata kidogo. Mtoto akikohoa, kimeo. Mzee asipomeza, kimeo!

Kumeza kwa shida kuna sababu nyingine pia. Aliyepata kiharusi anaweza kupaliwa hata na maji, na sauti yake ikakoroma akishakunywa. Huyo akinyweshwa uji amelala chali, uji huingia mapafuni na nimonia ikafuata. Kabla ya kulishwa chochote aketishwe wima, apewe maji kijiko kimoja kimoja, muuguzi akitazama kama anakohoa. Na kwa kuwa wodini wanaolisha ni ndugu, ndugu hao wafundishwe.

Anayekwamwa na chakula kigumu anahitaji kipimo cha kamera, kinyama kidogo kichukuliwe, kikapimwe maabara. Hata aliyechelewa anasaidika. Hospitali ya Tenwek, Bomet, Kenya, huweka ndani ya umio mrija wa waya unaojitanua wenyewe, bila kupasua kifua, na mgonjwa akaweza kula tena. Kwa nini basi mtu wa Kyela afe kwa njaa, mchele umejaa ghalani?

Chai na uji vipoe kwanza: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilisema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Sigara iachwe, pombe iachwe. Kila mganga wa zahanati, Ipinda hadi Matema, amuulize mtu mzima anayekonda: chakula kinapita? Kisipopita, rufaa iandikwe siku hiyohiyo. Halmashauri itafute gari la kuwapandisha wagonjwa hao Mbeya. Na wakata vimeo waweke visu chini. Serikali za vijiji zinajua wanakoishi.