Raga Bila Kuangushana

Mzazi akisikia raga, huwaza mifupa kuvunjika. Lakini raga ya watoto wadogo haina kuangushana. Kila mchezaji hufunga mshipi wenye vitambaa viwili kiunoni. Mpinzani akichomoa kimoja, mwenye mpira sharti ampe mwenzake.

Tena pasi ya mkono hairuhusiwi kwenda mbele. Hata mwenye mbio kali humtegemea aliye nyuma yake. Wasichana na wavulana huweza kucheza pamoja.

Raga huweza pia kuletea nchi fahari: mwezi Aprili 2016, Kenya iliilaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore na kutwaa taji lake la kwanza la msururu wa dunia wa raga ya wachezaji saba.

Mahitaji ya raga ya watoto ni mpira, vitambaa na uwanja wa nyasi. Walimu wakuu, watengeeni watoto walau saa moja kwa wiki.